Feni ya Liwali na Kibodi Isiyoandika

Palikuwa na Liwali mmoja katika mji wa Kiambizi, mtu wa jasho jingi na amri nyingi, aliyetaka neno lake lisitiiwe mpaka liwe kwenye karatasi. Neno la mdomo, alisema, ni la wauza samaki. La Liwali lipigwe kwenye kompyuta, litolewe, ligongwe mhuri. Bila karatasi askari wa gereza asifunge mtu wala asifungue.

Kompyuta yenyewe, iliyokaa pale barazani pake, aliikuta kwa Liwali aliyemtangulia, ambaye naye aliikuta. Ukiiwasha unaweza kwenda kuoga, ukarudi bado inafikiri. Ilikuwa na matundu matatu ya USB. Moja liliisha kwa kutu ya chumvi. La pili alilivunja Liwali mwenyewe kwa kulazimisha waya kichwa chini, maana kugeuza aliona ni kushindwa. Likabaki moja. Hapo akachomeka kigawanyio, kile kijidude kinachofanya tundu moja liwe mengi, na kwenye kigawanyio akachomeka kibodi. Sawa. Kisha akaongeza feni ya kumpuliza usoni, kitako cha kuwekea kikombe kahawa ipate moto, taa, simu yake, simu ya katibu wake, na mashine ya kunyolea ndevu. Kibodi ikazimika, isiandike hata herufi.

Fundi akaitwa. Akazima, akawasha. Akaleta kibodi nyingine, nayo ikagoma vilevile. Akasema ugonjwa si kibodi: kompyuta ni kongwe, umeme unaotoka kwenye tundu lile ni kidogo, na wanaokula ni wengi. Chomoa feni, tuone. Liwali akaamuru fundi atolewe nje, kwa kosa la kuingilia jasho la mkubwa.

Sasa, aliyeumia kwa haya yote ni Bi Mwanatumu, muuza mahamri mwenye ulimi ambao wanaume wazima waliukwepa kwa kupitia kichochoro cha pili. Kakake Bwanaheri, mpishi wa pilau asiye na mfano mjini, alikuwa ndani. Kosa lake ni jogoo wake, aliyewika Liwali akiwa kwenye usingizi wa mchana. Liwali alikwisha kumsamehe, tena kwa tabasamu. Lakini karatasi ya kumtoa haikuandikika, na Bwanaheri akaendelea kukohoa kwenye chumba chenye unyevu, msamaha wake ukiwa mdomoni mwa Liwali. Mwanatumu alimsikia akikohoa kila alipopeleka chakula, na kila mara alirudi akilia njia nzima.

Siku moja akafuta machozi akaenda barazani. Akamwamkia Liwali kwa adabu zote, akamwomba karatasi.

"Kibodi ni mvivu," Liwali akasema. "Kama una huruma sana na kakako, iandikishe wewe. Kabla ya alasiri, na kisichomolewe kitu hata kimoja. Ukishindwa, utamfuata huko aliko."

"Nimekubali, Liwali. Ila niruhusu nilete chakula cha mchana. Siwezi kubishana na mtu mwenye njaa."

Hapo Liwali hakuwa na ubishi. Mwanatumu akaenda, akarudi na sinia moja la pilau aliloomba kwa jirani, la watu wanne kama ada. Kisha akawakaribisha wapambe wote waliokuwa barazani, na pale barazani wapambe hawakosekani. Wakaja kumi, wakabanana mabega. Liwali naye akanyoosha mkono.

"Subiri, Liwali," Mwanatumu akamwambia taratibu. "Baraza ni lako, wewe ndiye mwenyeji. Tangu lini mwenyeji akatia mkono kabla ya wageni?"

Liwali akaurudisha mkono. Wageni wakala kama watu waliotoka safari. Zamu ya mwenyeji ilipofika, sinia liling'aa, limebaki jani moja la mdalasini.

"Mimi ndiye ninayefanya kazi hapa," Liwali akanguruma, "na mimi ndiye niliyekosa hata tonge. Watoe hawa wavivu."

"Hakitolewi kitu, Liwali. Sharti lako. Labda umezidiwa na uvivu tu, kama kibodi."

Wapambe wakaangalia vidole vyao. Liwali akameza mate. Akauliza, kwa sauti ndogo zaidi, kama liko sinia la pili.

"Mchele upo, nyama ipo, viungo vimekwisha kutwangwa. Mpishi ndiye aliye ndani kwako."

"Mtoeni sasa hivi."

Askari wa gereza akapiga saluti, akaomba karatasi.

Njaa ina nguvu, ndugu zangu. Liwali akainuka mwenyewe, akachomoa feni. Akachomoa kitako cha kahawa. Akachomoa taa, simu zote mbili, na mashine ya ndevu. Kibodi ikawaka taa zake za kijani. Akaandika kwa kidole kimoja, jasho likimchuruzika hadi kwenye herufi. Karatasi ikatoka, mhuri ukagonga, na Bwanaheri akapita mbele ya baraza akikohoa na kucheka, moja kwa moja jikoni. Dadake alimtazama mpaka alipoingia, ndipo akapumua.

Liwali akarudisha kila kitu mahali pake. Feni ikamvumia usoni, kahawa ikaanza kupata moto, na kwa ubaridi ule kiburi chake kikamrudia. Akamgeukia Mwanatumu akitabasamu.

"Tuliahidiana kisichomolewe kitu. Vimechomolewa vyote. Umeshindwa, na utafungwa. Askari, mchukue."

Askari akapiga saluti, akaomba karatasi.

Mwanatumu akatandika kanga yake sakafuni, akaketi, akajiegemeza ukutani.

"Ni kweli, Liwali, nimeshindwa," akasema. "Andika, nakungoja."