Risasi za Baba Yake Feruzi

Kuingia si kuenea. Mmenisikia nikimwambia Hamdu neno hilo alipotoka chumbani na koti la kaka yake, mmecheka, na sasa mnataka kujua limetoka wapi. Limetoka hapa hapa Isunda, siku ya harusi yangu na bibi yenu Siwema, na mama yake ni wivu. Hamdu, usininunie. Kaa usikilize, ila kaa polepole. Naona mshono wa mgongoni unaomba msaada.

Methali hii ilianza hivi.

Zamani hizo, harusi ya Isunda ilipigiwa bastola. Mlio wa kwanza ulikaribisha msafara wa bwana harusi uani. Wa pili ulitangaza kwamba ndoa imefungwa. Wa tatu ndio uliomtoa bibi harusi. Kabla ya mlio huo hakuna mwanamke aliyepiga kigelegele wala mwali aliyevuka kizingiti. Akishavuka, ilikuwa mwiko kufyatua tena, kwa maana mwali hapigiwi baruti kichwani.

Mpigaji wetu alikuwa Feruzi, mjomba wake Siwema, aliyerithi bastola ya baba yake. Kila penye harusi alipita njiani kifua mbele, hata bwana harusi akaonekana mpagazi wake. Lakini bastola nayo huzeeka. Mwaka nilioposa, nyundo yake ilikatika, na fundi wa kuiunga hakupatikana.

Wakati huo huo akarudi Songoro, baba mdogo wake Siwema, aliyestaafu kazi ya askari wa wanyamapori. Alirudi na bastola yake ya kibali, mpya, nyeusi, inayong'aa kama mgongo wa jongoo. Baba mkwe wangu akaitazama, akasema, "Basi Mungu ametuona. Songoro atapiga."

Feruzi alikuwa papo hapo akila. Alimaliza ugali wake, akanawa, akaenda zake. Tangu siku hiyo akawa mgonjwa, na ugonjwa wake ni Songoro. Songoro akicheka msikitini, Feruzi anasikia dharau. Songoro akipita kimya, Feruzi anasema, "Mnaona anavyoringa?" Watu walipokusanyika kuitazama ile bastola nyeusi, yeye aliichungulia juu ya ua wa jirani, kisha akatema mate.

"Baba Tausi," mkewe akamwambia, "bastola ni ya mwenyewe."

"Na mpwa je, ni wa nani?"

Swali hilo akalipeleka kwa baba mkwe wangu. "Shemeji, mjomba asipomtoa mtoto wa dada yake, watu watasema mtoto kaokotwa." Wakapatana kwamba Songoro apige mlio wa kwanza na wa pili, halafu amkabidhi Feruzi bastola apige wa tatu. Mtu mwingine angeshukuru. Lakini wivu haushibi nusu sahani.

Siku ikafika. Songoro akapiga ule wa kwanza: paa! Kuku wakaruka ua. "Huo ndio mlio, bwana!" watu wakashangilia. "Ule wa zamani ulikuwa mlio gani?" Feruzi alikuwa amesimama karibu nami, na kila sifa ilimwingia kama mwiba wa samaki. Mlio wa pili ukaleta sifa nyingine. Alipokabidhiwa bastola akasema anakwenda kuomba dua nyuma ya jiko.

Dua gani! Alizitoa risasi za Songoro, akatia mfukoni, akafungua kikopo alichokuja nacho. "Nimtoe mpwa wangu kwa risasi ya Songoro? Kesho atasema na mjomba ni yeye." Ndani ya kikopo mlikuwa na risasi alizoachiwa na baba yake, za zamani, fupi kidogo kuliko zile mpya, ila zilikaribiana unene. Akajaribu moja. Ikateleza ndani ya tundu la bastola bila ubishi. Feruzi akacheka peke yake, akajaza matundu yote.

Akarudi uani, akainua mkono juu, akafyatua.

Pfu! Kama mzee anayepiga chafya ndani ya kilemba.

"Imekohoa au imelia?" mtu mmoja akauliza, na uani kote kukawa kicheko. Mimi sikucheka. Mke wangu alikuwa bado ndani.

Songoro naye hakucheka. "Shemeji, usifyatue tena! Ishushe taratibu."

"Niishushe ili upige wewe?"

"Risasi haikutoka. Huo haukuwa mlio wa risasi iliyotoka."

"Imeingia vizuri, na itatoka vizuri. Husuda tu inakusumbua, Songoro."

"Mimi nikuhusudu wewe? Kwa bastola yangu mwenyewe?"

Watu wakacheka tena, na kicheko hicho kilikuwa mafuta juu ya moto. Feruzi akarudi nyuma, kidole kwenye kifyatulio, mkono juu. Nani angemshika mtu wa namna hiyo? Songoro alisimama mikono imekunjuliwa, jasho likimtoka.

Hapo mlango ukafunguka. Siwema, amejifunika gubigubi, akavuka kizingiti peke yake. Hapakuwa na mlio wala kigelegele.

"Rudi ndani, mwanangu! Aibu!" shangazi zake wakalia.

Hakurudi. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya mjomba wake. "Mjomba, nimeshatoka."

"Hujatolewa!"

"Nimeshavuka. Au utanipigia baruti kichwani?"

Mkono wa Feruzi ukashuka wenyewe.

Songoro akaipokea bastola, akazitoa risasi zote. Akachomoa njiti ya ufagio, akaipitisha ndani ya mtutu. Ikaenda mpaka katikati, ikagota. Akaisukuma, ikapinda. Watu wote waliona, na hakuna aliyecheka tena.

"Risasi fupi kwenye tundu refu huruka kwanza, ndipo ikute mtutu," akasema Songoro, "na nguvu nyingine huvuja hapo. Na baruti hii imeshachakaa. Imekwama. Ya pili ingeikuta njiani, bastola ingepasuka, na mkono wa shemeji tungeuzika peke yake."

Feruzi aliitazama ile njiti iliyopinda. "Lakini iliingia," akasema, sauti imekuwa ya mtoto.

"Kuingia si kuenea, shemeji."

Siwema akaushika mkono ule ule wa Feruzi. "Basi, mjomba, nitoe kwa huu. Ninao bado."

Feruzi akamleta mpaka nilipo, hatua kwa hatua, machozi yakimtiririka, na vigelegele vikapigwa bila bastola kwa mara ya kwanza hapa Isunda. Wala msidhani wivu ulikuwa umemtoka. Alipoweka mkono wa Siwema juu ya wangu, aliniinamia akaninong'oneza, "Mkiondoka, Songoro asitembee mbele."

Ehe, Hamdu. Kaka yako amechaguliwa msimamizi wa harusi, nawe moyo unakuchoma, najua. Ukasema angalau uvae koti lake. Nalo limeingia, sikatai, hata vifungo umefunga. Sasa hebu inua mkono, kama unayemfungulia bibi harusi mlango wa gari. Juu zaidi. Juu, baba...

Mmesikia wenyewe lilivyolia. Kuingia si kuenea.