Mwavuli wa Mama Mkwe

Nyumba aliyopanga Bi Kidawa, msusi wa mikeka, ilivuja juu ya kitanda. Mwenye nyumba, Bwana Shemhilu, alimwambia azibe mwenyewe. Kidawa akapanda na nyundo, akaziba tundu la kitandani, lakini alipogeuka ashuke, mguu wake ukatoboa bati juu ya jiko.

Akaenda kwa Shemhilu.

"Kama ni paa, rudi ulikotoka," Shemhilu alisema.

"Sikujia paa, Bwana Shemhilu. Namwoza binti yangu, na mama mkwe wako nitamwalika."

"Vyema. Atalala wapi?"

"Kwako hawezi kulala, ni nyumba ya mkwewe. Atalala kwangu."

"Kwenye kitanda kile?"

"Kimehamia jikoni sasa, chini ya tundu jipya. Ila usijali, nimemwekea mwavuli."

Shemhilu hakusubiri fundi. Alibeba mabati mapya begani, akapanda mwenyewe, akagonga misumari na kujigonga vidole mpaka jua likazama. Paa likakaa sawa.

"Haya, mama anafika lini?" aliuliza akishuka.

Kidawa alikuwa akitandika kitanda.

"Binti yangu akipata mchumba."