Aliyemshusha Emerita Dunguni

Sogeeni karibu, na wale wanaopenda kuhukumu wakae mbele, maana leo kesi ninawaachia ninyi.

Katika bonde la Lukanga, ambako mpunga huanzia mlangoni mwa nyumba ukaishia jicho linapoishia, waliishi watu watatu. Mwalimu Dafroza alikuwa na sikio. Mwanafunzi akikohoa nyuma ya darasa, yeye alimtaja jina bila kugeuka kutoka ubaoni. Bwana Ligazio, mtendaji wa kata, alikuwa na ung'ang'anizi. Akishakaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mtu, hainuki mpaka asikilizwe. Na Bibi Thekla alikuwa na mkono. Goti lake lilikuwa bovu, lakini kwa kombeo na donge la udongo alimpiga ndege aliyemtaka.

Bibi huyo alikuwa na mjukuu aitwaye Emerita, msichana wa kidato cha pili. Mama yake Emerita alikuwa amefariki. Baba yake, Ponsiano, alibaki na watoto na mashamba mawili ya mpunga yaliyotengana. Msimu ule ndege wa kwelea kwelea walishuka bondeni kama moshi. Ponsiano akaenda kulinda shamba la karibu pamoja na watoto wadogo. Lile la mbali, ng'ambo ya kijito, akampandisha Emerita dunguni, kile kibanda cha juu ya nguzo ambamo mtu hukaa akifukuza ndege. Shuleni akasema binti kahamia kwa shangazi yake mjini.

Emerita hakufungwa kamba, wala dungu halikuwa na mlango. Lakini akishuka tu, ndege nao wanashuka. Alikula juu, alilala juu, na njia ya kwenda shule aliiona kutwa, nyembamba, ikipita katikati ya mpunga.

Mwaka huo serikali ilikuwa imeagiza kila mwanafunzi aliyeacha shule atafutwe na arudishwe darasani. Walimu wakagawana vitongoji. Mwalimu Dafroza alikuwa akivuka mashamba, maji yakimfika magotini, aliposikia sauti ikipiga kelele kwa mbali.

"Haidrojeni! Heliamu! Lithiamu!"

Akasimama. "Huyo ni Emerita," akasema peke yake. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa amepita hapo mara nyingi, akidhani ni kelele za kufukuza ndege tu.

"Shuka, mwanangu!" mwalimu aliita alipofika chini ya dungu.

"Shikamoo, mwalimu. Siwezi."

"Nani kakukataza?"

"Hakuna. Nikishuka, wadogo zangu watakula nini?"

 Basi mwalimu akawa anarudi kila jioni baada ya vipindi, anavuka maji yale yale, anasimama chini na kufundisha huku Emerita akirusha madongo. Aliendelea hivyo mpaka akaanza kukojoa damu. Daktari akamwambia ni kichocho, akamkataza kuingia majini.

Ndipo mwalimu akamweleza Bwana Ligazio. Agizo lilikuwa wazi: mzazi anayemficha mtoto apelekwe mahakamani. Mtendaji akaenda kwa Ponsiano akiwa na mgambo wawili.

Ponsiano akanyoosha mikono. "Nifungeni, mtendaji. Ila mniambie kwanza, nikiwa ndani, shamba hili nalo atalinda nani? Si yule yule mtoto?"

Bwana Ligazio akatazama mpunga, akawatazama wale wadogo wameshika makombeo yanayowazidi kimo. Akawarudisha mgambo. Kisha akaenda wilayani kumwombea Emerita nafasi ya bweni, maana akilala nyumbani angerudishwa shambani, akakaa kwenye benchi. Akaambiwa bweni limejaa, akakaa. Akaambiwa arudi wiki ijayo, akalala mjini, asubuhi akaonekana palepale. Mwishowe Emerita akapewa kitanda bwenini na chakula cha shule. Lakini wakubwa walipouliza kuhusu kesi ya mzazi, akasema hakuifungua. Wakamvua utendaji kwa kukaidi agizo.

Kitanda kikapatikana, na Emerita bado yuko dunguni. Ponsiano alikaa kizingitini, kichwa mikononi. "Mama, nikimtoa, tunalala njaa. Nikimwacha, nimemzika akiwa hai."

Bibi Thekla akasema, "Nibebe unipeleke."

"Wapi?"

"Dunguni. Mimi nilitolewa darasa la pili kuja kuamia ndege hao hao. Emerita hatafanywa hivyo."

"Na goti lako, mama? Kupanda nitakupandisha, lakini kushuka kila siku utawezaje?"

"Nani kasema nitashuka kila siku? Nitashuka mpunga ukivunwa."

Ponsiano akambeba mama yake mgongoni, akavuka kijito, akampandisha dunguni. Emerita akagoma kuondoka, akamkumbatia bibi huku analia.

"Bibi, mvua ikija je? Ukiugua je?"

"Teremka," bibi akasema, macho yake yako kwenye ndege. "Unanizibia."

Emerita akateremka. Miguu ilikuwa imesahau ardhi, akapepesuka. Alipofika kwenye njia aligeuka, akauona mkono mwembamba ukizungusha kombeo.

Mitihani ya muhula ilipokwisha, akawa amefaulu vizuri. Ofisa elimu akaja kutoka wilayani na mtamba mmoja mnene wa ng'ombe, zawadi ya mtu aliyefanya zaidi kumrudisha mwanafunzi shuleni. Akamwita Emerita mbele ya wanakijiji.

"Wewe ndiye unajua. Mtaje mmoja."

Mwalimu Dafroza alikuwa amekaa upande mmoja, uso umekonda kwa dawa. Asingesikia yeye, nani angejua binti yuko wapi? Bwana Ligazio alisimama nyuma kabisa, hana cheo tena. Bila kitanda kile, Emerita angeshuka aende wapi? Na Bibi Thekla hakuwepo. Mpunga ulikuwa haujavunwa, naye alikuwa bado juu. Asingepanda yeye, mjukuu angeshukaje?

Emerita akamtazama mwalimu. Akamtazama Bwana Ligazio. Akatazama upande wa mashamba. Amtaje yupi asiwaumize wawili? 

"Sema, binti," ofisa akamhimiza. "Gari linasubiri."

Mimi nimefika mwisho wa ninayoyajua. Je, ninyi mlioketi hapa, kama mngesimama pale alipokuwa Emerita, mngemtaja nani?