Sauti Kwenye Shimo la Mchanga

Kina mama wapendwa, wengi wetu uwanja wa gofu tunauona tukiwa nje ya ua, tukipita na mizigo yetu. Leo niruhusuni niwaingize ndani kidogo, kwa mfano nilioutunga ili tujitazame.

Kulikuwa na mama mmoja, mcheza gofu hodari. Klabu yao ilikuwa chini ya mlima, na msitu ulianzia pale uwanja ulipoishia. Wanawake wenzake walimchagua awe kapteni wao, kwa sababu alikuwa na mkono mzuri na maneno makali. Alivaa sketi nyeupe, na jioni akirudi nyumbani sketi ilikuwa bado nyeupe.

Katika uwanja wa gofu kuna mashimo makubwa ya mchanga. Yamechimbwa kwa makusudi, ili kumtega mchezaji. Mpira wako ukianguka humo unaufuata, unashuka, na kuupiga mpaka utoke. Katika klabu ile kulikuwa na shimo moja kubwa kuliko yote, karibu na msitu, na ukuta wake ulikuwa mrefu kuliko mtu. Wale wanaowabebea wachezaji mifuko ya fimbo, wanaoitwa makedi, walikuwa wamelipatia jina. Waliliita Kaburi.

Siku moja mwanamke aliyekuwa anajifunza aliangusha mpira wake humo. Akapiga mara saba, mchanga ukammwagikia kichwani, mpira usitoke. Kapteni alisimama juu ya ukingo na wenzake, akamwuliza kwa sauti, "Dada, unacheza au unapanda viazi?"

Watu wakacheka. Yule mwanamke naye akacheka pamoja nao. Lakini hakuonekana tena pale klabuni.

Wiki iliyofuata yakawa mashindano. Kapteni alikuwa anaongoza, yamebaki mashimo mawili, yale madogo ya kutumbukiza mpira, amalize. Ilipofika saa tisa mchana, ukungu ukashuka kutoka mlimani, mweupe, mzito, ukatembea juu ya majani kama maziwa yanayomwagika mezani. King'ora kikalia. Sheria ya pale ilikuwa hivi: ukungu ukishuka, watu wote watoke uwanjani, mchezo utaendelea kesho. Maana ukungu ukishuka, nyati nao hutoka msituni kuja kula majani.

Kapteni alikuwa ndiyo kwanza amepiga mpira wake, na alijua ulikoanguka. Alisikia ukilia puu, kule Kaburini.

Kedi wake, mama wa makamo aliyembebea mfuko miaka mingi, akamwuliza, "Kapteni, mpira umeangukia wapi?"

"Kwenye nyasi, pembeni."

"Basi tuondoke. Kesho tutauona."

"Nipe hiyo fimbo moja. Tangulia, mimi napitia msalani."

"Na fimbo?"

"Ya kumpigia nyoka! Tangulia, mama."

Kedi akaenda. Mnaona alichokusudia? Aliona ni heri autoe mpira ule peke yake, gizani mwa ukungu, ili kesho watu wasije kumkuta yeye, kapteni, mahali alipomcheka mwenzake.

Alipofika ukingoni nyasi zilikuwa zimelowa. Akateleza, akashuka kwa makalio mpaka chini, na mguu mmoja ukajikunja chini yake. Aliposimama, kifundo kiliuma mpaka akaona nyota. Akageuza shingo kuitazama sketi yake. Nyuma yote ilikuwa tope jekundu.

Mpira aliuona. Ulikuwa umezama nusu mchangani, na nusu iliyobaki ilimtazama kama jicho.

Sasa sikilizeni jambo moja la mchezo huu, ni geni kidogo. Mpira uliozama hivyo haupigwi wenyewe. Unapiga mchanga ulio nyuma yake, tena kwa nguvu zako zote, na mchanga ndio unaoubeba mpira kuutoa nje. Kapteni alijua. Alikuwa amewafundisha wengine. Lakini pigo la namna ile lina kishindo, na mchanga huruka juu ukaonekana mbali. Yeye alitaka kutoka kimyakimya. Kwa hiyo akaugonga mpira taratibu, pembeni, kama mtu anayebisha mlango wa mgonjwa.

Mpira ukagonga ukuta, ukarudi. Akaugonga tena, ukarudi. Mara ya tatu ulirudi ukabingirika, ukaingia katika tundu lilelile ulimotoka, kana kwamba umeitwa.

Akaamua kuuacha na kupanda juu. Mguu ukakataa. Akashika nyasi za ukutani, zikang'oka mkononi. Na ukungu ulikuwa umeshafunika mdomo wa shimo, juu hakuna mbingu, pembeni hakuna uwanja. Alizungukwa na weupe tu, na kimya.

Halafu akasikia, "Kapteniii! Kapteniii!"

Ilikuwa sauti ya kedi wake. Alifika klabuni, akangoja, akatazama msalani, akarudi na mlinzi na dereva wa trekta kumtafuta. Sauti ile ilikuwa karibu, labda hatua ishirini. Kapteni akafungua kinywa aitike. Ni neno moja tu, "Nipo." Ni nini kinamzuia mtu kusema nipo?

Akaikumbuka sketi. Akakumbuka viazi. Akaona meza ya chai klabuni, na yeye ndiye hadithi ya mezani.

Ndipo kitu kikamnong'oneza, karibu kabisa na sikio, "Nyamaza. Watapita."

Akageuka. Hapakuwa na mtu. Mchangani kulikuwa na nyayo zake peke yake.

"Kapteniii!" Sasa hatua kumi.

"Nyamaza. Wakishapita utajua la kufanya."

Na mara, karibu sana, akasikia sauti ikiita kwa nguvu, wazi kabisa, "Hapa hayupo!"

Nyayo zilizokuwa zinakuja zikasimama. Zikageuka. Akazisikia zikienda, na jina lake likienda nazo, likawa dogo, likawa dogo zaidi.

Kisha juu ya ukingo akasikia nyasi zikikatwa. Krap. Krap. Kitu kilikuwa kinakula, kinasogea, kinakula. Harufu ya zizi ikashuka ndani ya shimo. Kula kukakoma, akasikia pumzi moja nzito, na tone la maji likamwangukia mkononi, la vuguvugu.

Kina mama, pale mtu hana sketi tena. Pale mtu hana cheo. Alisimama kwa mguu mmoja, akainua fimbo mpaka juu ya bega, akafumba macho, akaupiga mchanga kwa nguvu zote alizopewa na Mungu, huku analia kwa sauti.

Mnadhani mpira ulitoka? Haukutoka. Ulizama zaidi, hata jicho halikuonekana tena.

Lakini mchanga uliruka. Ulipanda juu ya ukuta, ukapita ukingo, ukaenda ndani ya ukungu. Kedi alikuwa amebaki nyuma ya wenzake, hajafika mbali, anatembea polepole kwa sababu moyo ulikuwa unamkataza kuondoka. Alisikia kishindo na kilio, kisha kitu kikamnyeshea begani. Akashika, akasugua kwa vidole. Ulikuwa mchanga mkavu, wa chini shimoni, maana juu kote kulikuwa kumelowa kwa ukungu.

Akapiga kelele, "Rudini! Rudini na taa!"

Trekta ikaja ikinguruma, taa zimewashwa. Kitu kikubwa kikaondoka ukingoni kwa kishindo, kikaingia msituni. Dereva na mlinzi wakashuka shimoni, wakambeba kapteni wakampandisha. Kedi akavua koti lake, akamfunga nalo kiunoni, kufunika lile tope, kisha akasema, "Kumbe msala wenu matajiri uko huku."

Kapteni akacheka, akalia, akacheka tena. Wakamweka kwenye trela, wakaanza kurudi. Njiani akasema, "Lakini mngenikuta mapema. Mbona mlisema sipo?"

"Nani alisema?" akauliza kedi.

"Mmoja wenu alisimama pale juu akaita, 'Hapa hayupo.'"

Kedi akamtazama mlinzi. Mlinzi akasema, "Mimi niliisikia, ndiyo maana nikageuka. Nilidhani ni wewe."

"Mimi nilidhani ni wewe," akasema kedi.

Dereva akasema bila kugeuka, "Msinitazame. Mimi wakati ule nilikuwa bado sijashuka kwenye trekta."

Kisha kedi akasema, polepole sana, "Ilikuwa sauti ya mwanamke. Na ukiniondoa mimi, uwanja mzima ulikuwa na mwanamke mmoja tu."

Kapteni akafunika mdomo wake kwa mikono miwili.

Wapendwa, nimetunga mfano huu mwenyewe, na nilipofika hapo niliogopa kuendelea. Niliogopa kwa sababu naijua sauti ile. Sisi tunaijua. Kuna mwenzetu humu anayelala na njaa ili watoto wale, na tukimpitia mlangoni tukaita, sauti inajibu kutoka ndani, "Karibuni, tumeshiba." Kuna anayefunika shavu kwa kitambaa, na ukimwuliza sauti inasema, "Niligonga mlango." Kuna aliyeanguka katika dhambi miaka mingi, akawa anaigonga taratibu, peke yake, pembeni, nayo inamrudia miguuni. Tunataka kutoka, lakini tunataka tutoke safi, bila kishindo, bila punje moja ya mchanga kuruka ikaonekana na watu. Ni nani kati yetu aliyewahi kutoka hivyo?

Na sisi tuliosimama juu ya ukingo tukacheka siku ile, tujiulize. Je, si sisi tuliomfundisha mwenzetu kunyamaza? Kicheko chetu ndicho kilichomwambia nyamaza, watapita.

Mungu hakuhitaji mpira wa kapteni utoke. Alihitaji mchanga tu, tena ule mchafu, uliopigwa vibaya na mtu anayelia. Ukiruka, kuna bega utakaloangukia. Mimi naamini hivyo kwa moyo wangu wote.

Nimalize, maana sijazoea kusimama mbele za watu. Sasa hivi mwenyekiti wetu atasimama aulize, kama anavyouliza kila Jumatano kabla ya sala, "Kina mama, mko salama? Kuna mwenye hitaji?" Na sisi, kama kila Jumatano, tutataka kujibu kwa pamoja, "Tuko salama."

Nakuomba, dada yangu. Leo kabla hujaitika, sikiliza kwanza ni nani anayekujibia.