Ubao Uliolia Botini

Ubao unaolia haushiki gundi. Mmeyasikia maneno haya leo kikaoni, mkaniuliza yametoka wapi. Hayakutoka mbali. Yalizaliwa bandarini Nansio, ndani ya boti, na aliyeyatamka kwanza alikuwa mwanamke mwenye patasi mkononi.

Nahodha Bwire aliendesha boti ya zahanati iliyozunguka visiwani. Ndani yake mlikuwa na meza moja tu, iliyofungwa ukutani chini ya dirisha. Hapo watoto walipimwa, vidonda vilisafishwa, na mara nyingine mama alijifungulia hapo hapo. Formaika ya meza hiyo, lile gamba jembamba gumu linalobandikwa juu ya ubao, ilikuwa imevimba na kupasuka. Mara tatu Bwire aliibandika mwenyewe, akaikandamiza kwa mawe, na mara tatu ikainuka. Uchafu ukaanza kuingia chini yake. Muuguzi wa boti, Pelagia, akamwambia wazi, "Nahodha, mimi simlazi mtu hapa tena."

Ndipo Bwire akamwita Nyanjura, fundi seremala.

"Bandika tu, fundi," alimwambia. "Kesho asubuhi tunaondoka. Kuna wajawazito wanatusubiri."

Nyanjura hakugusa kopo la gundi. Aliingiza patasi chini ya formaika akaing'oa yote, Bwire akitazama kama mtu anayechaniwa shati. Ubao wa chini ulikuwa mweusi, na pembeni umelainika kama mkate uliolowa. Nyanjura akaupangusa kwa kitambaa kikavu, akaketi akautazama. Baada ya kitambo, tone la maji likachomoza tena upande wa ukutani.

"Umeona? Unalia."

"Ubao haulii, fundi. Paka gundi."

"Ubao unaolia haushiki gundi, nahodha. Nikipaka leo, mwezi ujao utaniita tena. Niambie kwanza, maji yanatoka wapi?"

Bwire akainama kutazama chini ya meza. Mara zote tatu alizobandika, swali hilo halikumjia. Nyanjura akatoka nje, akamwagia dirisha ndoo ya maji, kisha akarudi ndani akiufuata unyevu kwa kidole mpaka kwenye skrubu mbili za fremu ya dirisha zilizoliwa na kutu. Kila wimbi lililopiga dirisha lilipenya pale, likateremka ndani ya ukuta hadi mezani.

"Na safari je?" Bwire alipaza sauti. "Wale akina mama nikawaambie ubao unalia?"

"Safari utakwenda."

Akatia skrubu mpya, akaziba matundu yote, akafungua meza akaichukua. Alasiri alirudi na mlango kichwani. Ulikuwa mlango wa chumba chake mwenyewe, wa mninga. Akausugua kwa sabuni na maji ya moto, akaufunga mahali pa meza, na Pelagia akautandika mpira. Hasira ya Bwire ikaisha papo hapo, ikabaki haya.

Siku tisa boti ilizunguka visiwani, na siku tisa Nyanjura alilala chumbani kwake nyuma ya pazia. Alikata sehemu iliyooza akaunga mbao mpya, akaianika meza kivulini, kila jioni akiipapasa kwa kiganja. Boti iliporudi ndipo alipopaka gundi, akaibandika formaika mpya akiikandamiza kutoka katikati kwenda pembeni, asiache hewa ndani, kisha akaziba kingo.

Mwezi uliofuata dhoruba iliwakuta katikati ya ziwa, na juu ya meza ile mama mmoja akajifungua mapacha. Mawimbi yalipiga dirisha usiku kucha, maji ya kuoshea yakamwagwa ndoo kwa ndoo. Asubuhi Bwire aliigonga meza kwa kifundo cha kidole, pembe kwa pembe. Hakuna palipolia uvungu. Alicheka peke yake, akamtaja Nyanjura kwa jina.

Mwaka huohuo binti yake Bwire, Nyamisi, alirudi nyumbani kutoka kwa mumewe. Mara mbili wazee walikwisha kuwapatanisha, na mara mbili alirudi tena kwa baba yake. Sasa walikuja tena, wakimtaka nahodha amwamuru bintiye afungashe arudi kwa mumewe.

Bwire alimtazama mwanawe aliyeinamisha kichwa. Akawaomba wazee wanywe chai kwanza. Akasogeza kigoda karibu naye, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, maji yanatoka wapi?"

Nyamisi akainua uso, akaanza kusema. Alisema mpaka chai ikapoa.

Mzee mmoja alipokohoa kuwakumbusha kwamba jua linazama, Bwire alimwinulia mkono.

"Tusubiri," alisema. "Ubao unaolia haushiki gundi."