Mstari wa Mzio

Lugendo, mtani wa marehemu Bosko, mtu aliyezunguka nchi nyingi bila kuokota adabu, aliingia matangani akamkumbatia mwanamke aliyekuwa akibubujikwa machozi.

"Pole, mjane wetu!"

"Mjane mama yako! Mimi nakata vitunguu."

Mjane mwenyewe, Otilia, alikuwa mkekani nyuma yake, macho makavu. Lugendo akaketi kwa aibu. Waombolezaji wakamtaka aseme, maana mtani ndiye mwenye ruhusa ya kutamka yasiyotamkika.

"Hospitali yetu ina mafundi watatu," akaanza. "Gaudensi karani, ukurasa ukipita mkononi mwake lazima upendeze. Tusekile katengeneza programu inayokutazama ukipanga ukurasa mmoja kwenye kompyuta, kisha inajitungia kanuni na kuzipanga kurasa zote vivyo hivyo. Na Matroni Kanisia, jicho lake halipitwi na kitu.

"Ikaja kazi ya kupanga upya mafaili ya wagonjwa. Gaudensi akachukua faili la mtoto mmoja liwe mfano. Jina akalikuza, matibabu akayapandisha juu. Mstari wa mzio, pale zinapoandikwa dawa zinazomdhuru mgonjwa, ulikuwa mtupu. Akaufuta, ukurasa upumue.

"Programu ikatazama, ikaelewa: mstari wa mzio hufutwa. Ingeuliza, 'Hata ukiwa umejazwa?' Lakini Tusekile alikuwa ameiondolea maswali, watu walilalamika yanachosha.

"Matroni akaletewa ukurasa ule ule wa mtoto. Akaukagua, akausifu, akatia sahihi.

"Faili la Bosko lilisema penisilini isimguse. Baada ya kupangwa, likapendeza, likanyamaza. Alikwenda na kidonda cha mguu, akachomwa sindano. Mnajua mliyemzika."

Kwenye kona Gaudensi aliinamisha kichwa. "Mstari ulikuwa mtupu, jamani."

"Nyamaza, muuaji nadhifu, zamu ya mtani hii." Lugendo akawageukia watu. "Bodi inataka mmoja wa kufukuzwa. Aliyeonyesha, aliyetengeneza, au aliyepitisha? Je, ninyi mngeamua vipi?"

Matanga yakawaka. Huyu karani, yule matroni, wengine mashine. Otilia akainua uso kwa mara ya kwanza.

"Gaudensi. Mstari umerudishwa?"

"Bado, dada. Bodi inasubiri kwanza mwenye kosa apatikane."

"Basi inuka hapo ukaurudishe. Wodini kuna watu."