Zizi la Shigela

Mtu mmoja, jina lake Ng'wandu, alikuwa na ng'ombe wengi, na kwa kukagua mnyama hakuwa na mpinzani. Hata jogoo alimpuliza manyoya aone kama ana utitiri. Ng'ombe ndiyo usiseme: atamfungua kinywa atazame meno, atampapasa kiwele, atamtembeza, kisha atauliza ametoka kwa nani. Tena alifuata desturi ya wazee, kwamba ng'ombe wote hawalazwi zizi moja. Wachache alikaa nao, wengine aliwaweka kwa shemeji, wengine kwa rafiki ng'ambo ya mlima, ili ugonjwa ukiingia kwa mmoja usimmalize.

Mwaka mmoja kijiji kikataka kuchagua mtu wa kuwapeleka ng'ombe malisho ya mbali wakati wa kiangazi. Wakajitokeza wawili. Lubango aliwaambia watu waende kwanza walione zizi lake la huko malishoni, na wasimpe ng'ombe wote, maana kiangazi ni kiangazi, wengine watakufa. Wakamzomea, eti anawachuria, anawaitia mkosi. Shigela yeye alichinja fahali. Alimwita kila mtu kwa jina la baba yake, akaahidi kwamba kwake hafi hata ndama. Ng'wandu alikula nyama ile mpaka vidole vikateleza mafuta. Msidhani wazo la kwenda kuliona zizi halikumjia. Lilimjia, ila aliona haya kumhoji mtu aliyemlisha.

Basi Shigela akachaguliwa, na Ng'wandu akampa ng'ombe wake wote. Hata wale wa ng'ambo ya mlima aliwarudisha wasije wakakosa neema. Laiti angeishia hapo! Alikwenda kwa dada yake Kabula, mjane mwenye ng'ombe mmoja tu, ambaye maziwa yake ndiyo yaliyowalea watoto, akamshawishi naye apeleke. Kabula hakuuliza neno. Kaka yake si ndiye mkaguzi?

Mwanzoni maziwa yaliletwa kutoka malishoni vibuyu viwili kwa ng'ombe aliyezoea kutoa kimoja. Kijiji kizima kikashangilia. Lakini Ng'wandu alikuwa mfugaji tangu utoto. Alijua maziwa hayaongezeki kiangazi, isipokuwa ndama amenyimwa. Alijua, jamani. Akanywa, akafuta mdomo, akamsifu Shigela mbele za watu.

Ndama wakaanza kufa. Kisha homa ikaingia katika zizi lile, dogo, chafu, ng'ombe wa kijiji kizima wamebanana humo, ikawafagia. Shigela akatoweka, na mpaka leo hajulikani aliko.

Ng'wandu akaenda mwenyewe kumwambia dada yake. Aliwakuta watoto wanakunywa uji mtupu, na yule mdogo alipomwona mjomba akakimbia kumpokea. Kabula alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia wala hakumlaani. Aliuliza tu, "Kaka, wewe zizi lake ulikuwa umeliona?"

Ng'wandu aliinamisha kichwa. Alitoka bila kuaga, na tangu siku ile akawa anazunguka njia ya nyuma ili asipite mlangoni pa dada yake.

Naona mnatikisa vichwa, mnamhurumia Kabula. Haya, mhurumieni. Lakini mgombea akija na pilau na fulana, mnakula, mnavaa, mnampa kura, na anayewaambia ukweli mnamwita mchuro. Kampuni ikigawa faida msiyojua imetoka wapi, mnauza shamba, pesa yote mnanunulia hisa zake, na jioni mnampigia simu mama mzazi naye auze. Hasara si aibu, hata mwangalifu hupata hasara. Aibu ya Ng'wandu ni kwamba alijua la kuuliza, akanyamaza, na mwingine akaegemea ukimya wake akidhani ni hekima.

Na wewe uliyekaa hapo, ni nani anayekufuata leo kwa sababu anaamini kwamba umeshauliza?